Kisiwa cha Maji Mafu

Nilikuwa na kisiwa. Si utani. Katika miaka ile ya sitini, mimi niliyeingia Mombasa na kaptura moja na kutoroka chuoni kabla sijamaliza juzuu ya pili, nilikuwa na kisiwa chenye minazi saba, na hakuna aliyekijua ila mimi na kaa. Kilikuwa changu miezi mitano. Siku niliyomwonyesha mtu wa pili ndiyo siku niliyoogopa kuliko zote, na mimi maisha yangu hayakukosa sababu za kuogopa.

Kazi yangu ilikuwa ukalafati. Kwa wasiojua, chombo cha mbao kina nyufa baina ya ubao na ubao. Kalafati ndiye azibaye nyufa hizo kwa pamba na mafuta, agonge na patasi mpaka maji yakose njia. Akikosea, watu wafa. Nilijifunza kwa fundi mmoja mzee pale Bandari ya Kale, aliyenirushia nyundo mara mbili na kunilisha mara zisizohesabika. Hakuna cheti. Cheti changu ni vyombo ambavyo havikuzama.

Kazi hii hufuata mwezi. Siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na ndipo vyombo hupandishwa mchangani, vikabaki vikavu, nasi tukavivamia. Siku hizo hupati hata nafasi ya kukohoa. Lakini siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo na kushuka kidogo kama mzee mwenye pumzi fupi, kazi hulala. Lishike neno hilo, maana ndilo lililotaka kuniua.

Siku za maji mafu vijana wenzangu walikwenda Makadara kunywa kahawa na kutazama wapitao. Mimi nilikuwa na hori, mtumbwi mwembamba wa gogo moja, nililolipata bovu likiwa na ufa nikauziba mwenyewe. Nilipiga kafi kutoka pwani ya Tudor, nikaingia ndani kule bahari inakojipenyeza barani, nikazunguka visiwa. Vingine ni mikoko mitupu, huna pa kuweka mguu. Vingine ni mwamba wenye meno. Niliwahi hata kwenda kusini na mashua za watu nikaviona visiwa vya bahari wazi, nikarudi nikiwa mgonjwa wa tamaa. Usicheke. Nilikuwa nikilala mtaa wa Kuze, chumba cha chini, tumepanga wanne, na mwenye nyumba akikohoa tu tulitazamana tukijiuliza nani leo ataambiwa ahame. Mtu wa namna hiyo akiona jiwe lisilo na mlango wala mwenye mlango, huota.

Nilichokichagua kilikuwa kidogo, ungekizunguka kabla hujamaliza kusoma Yasini. Udongo, mboga pwani imetambaa, jiwe moja katikati, mikoko pembeni. Mvua za vuli zilipoanza nilibeba nazi saba zilizochipua nikapanda. Kwetu pwani, aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama ardhi ni ya mwingine. Na ardhi miaka ile ilikuwa ya nani? Bendera ilikuwa imebadilishwa, makaratasi bado. Nikasema, mpaka wajue, minazi yangu itakuwa imezaa.

Kisiwa hicho hakikuwa na hata mti mmoja mkubwa. Sikujiuliza kwa nini. Majani ya minazi yakaanza kuwa manjano kwenye ncha. Nikasema ni jua.

Basi, nikaitwa nyumba moja hapo Kuze kuziba pipa la maji. Ilikuwa nyumba ya mwalimu wa chuo, mtu wa ukoo wa zamani, ambaye mtaa mzima ulimwita Maalim. Nilipomaliza, mkono ulitoka nyuma ya pazia na gilasi ya maji, na sauti ya msichana ikasema, "Fundi, likivuja tena tukuite au tukushtaki?"

Nikasema, "Niite kwanza."

Miaka yote nimeomba vyombo visivuje. Wiki ile niliomba pipa lile livuje. Halikuvuja. Kazi nzuri ina hasara zake.

Sikuwa na baba wa kunipelekea posa, kwa hiyo nilimwomba fundi wangu. Tuliketi barazani kwa Maalim. Fundi wangu akanisifu sana, akamalizia, "Kijana wetu, Maalim, ana mikono."

"Mikono?" Maalim akasema. "Hata pweza anayo, tena minane, na sijamwoza mtu." Kisha akanigeukia mimi. "Weye, nikikupa mtoto wangu, utamlaza wapi? Pamoja na wale watatu?"

Nilihisi uso umewaka. Mdomo ukasema wenyewe. "Nina kisiwa, Maalim. Nimepanda minazi."

Fundi wangu alikohoa mpaka machozi.

"Kisiwa," akasema Maalim.

"Naam."

Alihesabu kwa vidole vyake, polepole, kama ahesabuye siku za kufunga. "Mwezi ukifika siku ya kumi na sita. Tukishaswali adhuhuri, utanipeleka nikakione."

Tulipofika njiani fundi wangu alinishika sikio, mimi mtu mzima. "Wazimu weye! Kisiwa gani? Tena bamvua, na vyombo vitatu vyangu vitakuwa mchangani!" Lakini siku hiyo aliniruhusu. Alisema anataka kuniona nikiaibika mara moja, nipone.

Siku zile za kungoja sikula vizuri. Niliogopa jambo moja tu, kwamba Maalim ataona minazi saba ya kimo cha mbuzi, atarudi, atasema hapana, na sauti ile ya nyuma ya pazia itakwenda kwa mtu mwingine. Bahari sikuiogopa hata kidogo.

Siku yenyewe alikuja na kanzu safi, kofia, na kopo la bati la kutawadhia. Nikajitia kuchangamka. "Maalim, kopo la nini? Tunakokwenda maji ni tele."

"Maji ni tele," akasema, "lakini hayajipandishi mkononi."

Hori likamyumbisha, akashika kingo zote mbili kwa nguvu. Akaniuliza, "Weye wajua kuogelea?"

"Najua."

"Miye sijui." Alisema kama mtu anayekwambia jina la mtaa wake. Nikapiga kafi.

Maji yalikuwa yakijaa, yakatubeba vizuri. Nilifunga hori kwenye shina la mkoko, kamba fupi, fundo la nguvu, kama mtu afungaye mali yake mbele ya mgeni. Nikamshusha. Nikamwonyesha mnazi mmoja mmoja. Alitembea ameinua kanzu, akainama, akachota udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi. Akatazama matundu ya kaa, yaliyojaa mpaka chini ya jiwe la katikati.

"Hawa wapangaji wako wengi," akasema.

"Kaa wako kila mahali, Maalim."

"Kaa haendi mahali pasipo na maji."

Nilianza kumweleza nitajenga wapi. Hapa chumba, hapa jiko, kisima huku. Nilisema sana. Mtu mwenye hofu husema sana. Alinisikiliza, kisha akatazama miguu yake na kusema, "Fundi. Tazama."

Maji hayakuwa yakija kutoka ukingoni. Yalikuwa yakitoka chini. Kila tundu la kaa lilikuwa likibubujika, tundu hili, tundu lile, kimya kimya, ardhi yote ikivuja kama chombo kilichozibwa na mjinga. Mimi kalafati nilisimama pale nikaona nyufa mia ambazo sikuwa na pamba ya kuziziba. Kabla sijafungua mdomo, ukingo na katikati vilikutana, na kisiwa kikawa ni maji yenye minazi saba imechomoza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi mitano nimekuja hapa siku za maji mafu tu, maana siku za bamvua nilikuwa nikigonga patasi bandarini. Sikuwahi hata mara moja kukiona kisiwa changu bahari inapokuwa kubwa.

"Panda juu ya jiwe, Maalim. Nalileta hori."

Nikasikia sauti, kama mtu anayemeza. Kamba ilikuwa fupi. Maji yalipanda, hori likataka kupanda nayo, kamba ikalishika pua, na sasa pua ilikuwa chini na maji yanaingia. Nilipolifikia, maji kifuani, lilikuwa limejaa. Kafi moja na upo wa kuchotea maji vilikuwa vimekwenda zao. Fundo lilikuwa chini, kamba ya makumbi imevimba, vidole vyangu vikateleza kama vidole vya mtoto. Nikazama nikauma fundo kwa meno. Nikaibuka, sijafanya kitu.

Niliibuka nikiwa nimetazama bara. Haikuwa mbali. Mtu ajuaye kuogelea angefika.

Nitaandika hili kama lilivyokuwa, kwa sababu wote ambao lingewaudhi wamekufa isipokuwa mmoja, na huyo hapendi kusoma. Nilifikiri kwenda. Si kwenda kuomba msaada. Kwenda. Niliziona hatua zangu nikitoka kwenye matope upande wa pili, niliona hata maneno nitakayowaambia watu. Nikageuza kichwa kumtazama Maalim.

Alikuwa amesimama juu ya jiwe, maji magotini, kisha juu ya magoti, kanzu imeelea imemzunguka. Kopo lake ameliweka kifuani. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa amejua. Hakuniita. Angeniita, sijui. Huenda ningekwenda. Mtu akikulilia unaweza kumkasirikia. Yule alinyamaza.

Nikazama tena. Fundo sikuliweza, lakini shina la mkoko lenyewe lilikuwa jembamba. Nililikanyaga, nikalipinda, nikalikanyaga tena nikimwita Mungu na mama ambaye sikumjua, likavunjika. Hori likaja na kipande cha mti kama mbuzi na kigingi chake. Nikalisukuma mpaka kwenye jiwe, nikalitikisa maji yamwagike kando, lakini yakimwagika mengine yanaingia.

"Upo umepotea!" nilipiga kelele, mimi niliyekuwa mwenye kisiwa.

Maalim akaninyooshea kopo. Kisha akabadili nia, akalirudisha, akainama na kuanza kuchota mwenyewe. Mimi nililishika hori kwa kifua na mikono lisiyumbe, yeye akachota, haraka, bila kupumzika, kofia imeanguka. Hatukuonana machoni. Hori lilipoinuka vidole vinne juu ya maji nilimwingiza ndani kama gunia.

Leo najua maji yalikomea hapohapo mapajani. Tungesimama tu, yangepwa. Lakini bahari haimwambii mtu itakomea wapi.

Kafi lililobaki lilikuwa limekwama chini ya ubao wa kukalia. Maji yakageuka, yakaanza kututoa. Nilipiga kafi, yeye akachota. Tulipokuwa mbali na mahali pale, akasema bila kuacha kuchota, "Ulitaka kuniacha."

Ningeweza kusema hapana. Nilikwisha kusema uongo mmoja, ukatufikisha pale.

"Ndiyo, Maalim."

Kopo likachota, likamwaga. Likachota, likamwaga.

"Lau ningejua kuogelea," akasema, "miye ningekuacha zamani."

Nikamtazama. Hakuwa anacheka. Alikuwa mweupe kama chokaa, na aliogopa sawasawa na mimi, yeye mtu mzima wa ukoo na vitabu.

"Ulichagua bamvua makusudi," nikamwambia.

"Kiwanja cha pwani huangaliwa siku ya bamvua. Cha maji mafu hata miye ninacho." Akachota tena. "Sikudhani kitazama chote. Nilidhani utaaibika kidogo tu."

Tulifika pwani ya Tudor jua halijazama. Nilimbeba mgongoni kupita matope. Nilipomweka chini alikamua kanzu yake upande mmoja, akakamua upande wa pili. Mimi nilisimama nikingoja hapana yangu. Sasa nililiogopa tena jambo lile la kwanza, la sauti ya nyuma ya pazia.

"Kisiwa huna," akasema.

"Sina, Maalim."

"Una nini?"

"Nina mikono."

"Miwili," akasema. "Nimeiona." Akaokota kopo lake. "Tafuta chumba. Kuze, si mbali nami. Ghorofani. Na mtoto wangu hatapanda chombo chako, wala cha mtu mwingine, mpaka mmoja wenu afe. Wakubali?"

Nikakubali kabla hajamaliza.

Nilipata chumba, na baadaye nyumba nzima, na hiyo kila tofali ni la mikono miwili. Kisiwa nilikirudia mara moja, siku ya maji mafu. Kilikuwa kikavu, kizuri, kimetulia kama hakijui lolote. Minazi sita ilikuwa imeungua kwa chumvi. Wa saba ulikuwa bado na jani moja la kijani, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana nilihisi tamaa ikianza tena. Niliung'oa nikautupa majini, nikaondoka mbio kabla maji hayajageuka.

Mke wangu hakupanda chombo tangu siku hiyo. Likoni amekwenda mara mbili tu, kwa kuzunguka barabara ndefu badala ya kupanda feri, akilalamika njia nzima, "Hivi baba alikuwa na nini na maji?" Mimi humwambia sijui. Na kila mwezi ukifika siku ya kumi na sita, mvua ikinyesha na maji yakasikika chini kwenye mtaro wa uchochoro, huinua miguu yangu kutoka sakafuni, ghorofa ya pili, nikangoja yakome.