Kichwa Kimoja kwa Kurasa Zote

Miaka ya tisini ilipokuwa ikiishia, ami yangu alifungua tovuti ya habari za Mombasa katika chumba cha juu cha nyumba yake, Mji wa Kale. Wasomaji wake walikuwa watu wetu walioko Uarabuni na Ulaya, waliotaka nyakati za sala za huko waliko, harusi, tanzia na matokeo ya mpira. Kurasa zilikuwa nyingi, nami nilichoka kuzirekebisha mojamoja. Nikatengeneza faili moja la kichwa, yale maandishi ya juu ya ukurasa, na jingine la mkia, kila ukurasa ukawa unachota humo. Ukigusa kichwa, kurasa zote zinabadilika. Ami alifurahi kama mtoto aliyepewa filimbi, na tangu hapo hakuondoa mkono kwenye kichwa kile. Iliniudhi sana.

Siku hizo mamangu alikuwa mgonjwa, nyumbani kwetu Tudor. Tulimwambia anapata nafuu, na kweli alikuwa ameanza kula. Kakangu alikuwa akifanya kazi Maskati, na kwetu mtoto aliyeko Uarabuni haitwi nyumbani ila kwa maziko. Simu ya nyumbani ilikuwa imekufa tangu mvua, basi habari zetu alizifuatilia kwenye tovuti.

Akafariki jirani yetu, mama wa makamo. Nilimsihi ami habari ikae kwenye ukurasa wa tanzia tu. Akasema kifo hakifichwi, akaandika mwenyewe kichwani: "Mama yetu wa Tudor ametangulia mbele ya haki." Jina hakutia; kwake yeye, jina la mke wa mtu halianikwi hadharani. Jina la mumewe na msikiti wa kumsalia aliviweka kwenye ukurasa wa tanzia.

Kakangu alifungua ukurasa wa nyakati za sala kwenye kompyuta ya bosi wake. Alikiona kichwa, hakusoma zaidi.

Kesho yake adhuhuri akatutokea mlangoni, macho mekundu, akiuliza kaburi liko wapi. Tulicheka kwa kuchanganyikiwa. Mama akaisikia sauti yake, akamwita chumbani. Alimtazama kitambo, kisha akanigeukia mimi.

"Mumemwita," akasema. "Basi mwanificha."

Nilimweleza habari za kichwa na kurasa hadi machozi yakanitoka kwa hasira. Hata wazima hawakunielewa, sembuse mgonjwa. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye keshamwona mwanawe. Akakisukuma kando kibakuli cha uji. Akaagiza sanda yake itolewe kabatini, ianikwe juani.