Sumaku Kwenye Funguo Zangu

Naona aibu hata kuanza, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa wale waliokuwa ukumbini, maana wao wanalitia chumvi, na jambo lenyewe wala halihitaji chumvi.

Mimi ni msaidizi wa maabara ya mawe hapa Mbeya. Bosi wangu, Daktari Atupele, alisikia kwamba kule Kalenga kuna bibi mmoja, Bibi Sekidava, aliyeona kimondo kikidondoka kwenye shamba lake la mahindi akakiokota na kukitunza. Akanituma nikakichukue, na kabla sijapanda basi akaniambia, "Sumaku isikisogelee." Akanieleza (kwa mara ya kumi) kwamba chembe za madini za kimondo zilipopoa, kabla dunia haijawa dunia, zilishika alama ya nguvu ya sumaku ya wakati ule, kama tope linavyoshika unyayo wa kuku likakauka nao; ukileta sumaku yako umekanyaga upya. Nikaitikia ndiyo, Daktari, huku sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio inaning'inia kwenye funguo zangu (sisi watu wa mawe karibu wote tunayo, ndiyo kipimo chetu cha kwanza, mpaka unasahau kama unayo).

Kalenga nikapokelewa kama bwana harusi. Majirani wamejaa uani, pombe ya ulanzi ipo, jiwe limewekwa mezani juu ya kitambaa. Mzee mmoja akaguna, "Ah, jiwe lenyewe hii si kama za mtoni tu? Huyu bibi katudanganya miaka yote." Bibi akainamisha kichwa. Roho ikaniuma, nikaona nimtetee, na (niseme ukweli, nilitaka pia nionekane mtaalamu) nikachomoa funguo nikazibandika juu ya jiwe, tak! zikanata. Wacha makofi, wacha vigelegele! Nikarudia upande wa pili. Nikarudia na chini.

Nilikuja kushtuka njiani kurudi na jiwe, basi limesimama Igawa, abiria wananunua mchele, mimi nimetia mkono mfukoni nimegusa funguo, nikakumbuka maneno ya Daktari. Ningempigia Daktari palepale, leo nisingekuwa na mkasa. Sikupiga. Aliponiuliza kama kuna sumaku iliyokaribia, nikajibu, "Hakuna kabisa."

Kipande kikapelekwa nje kupimwa. Majibu yakarudi na nguvu kubwa ya sumaku ambayo hakuna aliyeielewa. Daktari akarudia hesabu mpaka akakonda, akaniuliza tena, nikakana tena, akaniamini. Akaitisha kikao cha wataalamu awaeleze fumbo hilo, jina lake lote kaliweka mezani, na kwa heshima akamwalika Bibi Sekidava, akamketisha mstari wa mbele.

"Nguvu kubwa hivi ilitoka wapi," Daktari akamalizia, "bado hatujui."

Mkono wa Bibi ukanyooka.

"Kamwene, wapendwa. Mimi sikusoma. Ila huyu mjukuu wangu," akaninyooshea kidole huku anatabasamu kwa upendo kabisa, "siku ile alibandika sumaku ya funguo zake, jiwe likaidaka. Tulimpigia makofi sana. Au siyo hiyo?"

Daktari akanigeukia, na hakukasirika, ndicho kilichonimaliza, alinishangaa tu. "Nilikuuliza mara mbili," akasema. Alama ya kabla ya dunia, imepita huko angani kote haijafutika, nimekuja kuifuta mimi, uani kwa mtu, kwa ajili ya makofi! Nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Bibi akanionea huruma. "Nyamaza, baba. Nusu ipo nyumbani, nimefunikia mtungi. Nililipasua kabla hujaja."

Tukashtuka upya, wote. Daktari akamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Sasa mgeni simjui," akasema Bibi, "nampaje lote?"

Safari ya pili Daktari alikwenda kulichukua mwenyewe. Mimi nilisimama mbali, kwenye mgomba wa mwisho, mifuko nje nje, hata mkanda nimevua, nashikilia suruali kwa mikono miwili, na majirani walewale wananitazama. Funguo zangu siku hizi nimezifunga kwa uzi wa katani. Na Daktari akiniuliza chochote, hata kama nimekula, nakiri kwanza.