Mafuta ya Soseji Relini

Kila asubuhi pale mlimani Hirvivaara Tauno husugua kutu kwa msasa na kupaka nta reli za chuma ambazo vijana huteleza juu yake na ski zao, mbao ndefu za kutelezea thelujini. Leo reli ndefu ilikuwa na mafuta ya soseji yaliyoganda, na mbweha aliyekuja kuyalamba alikuwa amekojoa humo humo.

“Nani kafanya uchafu huu?”

“Mimi, mzee,” akasema Oiva, mchoma soseji. “Yanateleza kuliko hiyo nta yako. Tena ni safi kabisa!”

“Safi? Haya, lamba tuone.”

Oiva kwa ubishi wake akalamba, ulimi ukagandia kwenye chuma kile chenye baridi ya barafu.

Tauno akambandua taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Ndipo akamwambia habari za mbweha.