Aliyesoma Nikiwa Kituoni

Mama alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nilichukua likizo nikaenda kukaa naye kijijini Manga. Jicho moja lilifungwa bandeji. La pili liliona vivuli tu. Mchana, ukungu ukishuka mlimani na kufunika migomba, niliketi kando ya kitanda chake nikisoma riwaya nene niliyoinunua mpya mjini Kisii.

Ilikuwa riwaya ya kuonjwa polepole. Mwandishi alitumia kurasa mbili kueleza harufu ya ghala la nafaka ya wimbi, nami nikatamani zingekuwa nne. Ilimhusu mjane aliyehamia nyumba ya mlimani, akawa anasikia mtu akisaga katika chumba kitupu.

"Unacheka nini peke yako?" Mama aliniuliza. Basi nikaanza kumsomea, nikigeuza Kiswahili kuwa Ekegusii, maana yeye hakusoma shule.

Siku ya nne tulimaliza sura ya kumi na tatu, mjane akiwa ameshika komeo la kile chumba. Nikafunga kitabu, nikakiacha kando ya kitanda, nikapeleka majani ya chai kituoni yakapimwe. Mvua ikanizuia huko saa nzima.

Kesho yake, kabla sijaanza kusoma, Mama alisema, "Mimi nisingemgusa begani. Mtu akikupa mgongo namna ile, unamwacha."

"Mtu gani?"

"Huyo anayesaga."

Nikafungua sura ya kumi na nne. Mjane aliingia. Mtu alikuwa ameinamia jiwe la kusagia, amempa mgongo. Mjane akanyoosha mkono amguse begani.

Nikakishusha kitabu. "Mama, hapa sikuwa nimefika. Nani alikusomea?"

"Si wewe? Jana, mvua ikinyesha. Ulisoma kwa sauti ya chini, nikadhani umeshikwa na mafua."

"Jana mvua ikinyesha nilikuwa kituoni."

Alinigeuzia jicho lisilofungwa. Nyumbani tulikuwa wawili tu, na majirani wote walikuwa pamoja nami kituoni, kwenye foleni ya kupimisha chai.

"Alikusomea mpaka wapi?" nikauliza.

"Alitaka kuendelea. Nikamwambia aache, nimechoka."

Bandeji imeshatolewa, na Mama anaona vizuri. Bado tunasoma, tumefika katikati. Siku hizi nikienda kituoni hubeba kitabu ndani ya kikapu, chini ya majani. Utamu wake haujapungua hata kidogo. Ila kabla sijageuza ukurasa, humtazama Mama kwanza, nione kama uso wake tayari unajua yanayofuata.