Ndambuki Alivyopita Mtihani wa Macho

Bwana yangu Ndambuki amechonga mawe hapa Kitengela tangu mwaka wa themanini na nane. Ni mtu wa sala, hanywi, na hajawahi kuniinulia mkono. Lakini ubishi! Ubishi wake nimeupeleka kwa Mungu mpaka nikaona haya kuutaja tena.

Mwaka wa elfu mbili na tatu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Asubuhi moja alisimama mbele ya tangi jeusi la maji pale kanisani akalisalimia kwa Kimaasai, "Supa, mzee!" Akangoja kuitikiwa "Ipa". Tangi likanyamaza. Alirudi nyumbani amekasirika, eti Wamaasai wa siku hizi wako na maringo.

"Baba Muema, hilo lilikuwa tangi."

"Mama Muema, mimi mtu nikimwona namjua."

Alikuwa anaficha. Kule machimboni, msimamizi akijua huoni, patasi unaweka chini siku hiyo hiyo. Kwa hivyo alipima mawe kwa vidole. Hata ukuta wa jikoni kwetu aliujenga hivyo. Nilipomwambia umepinda, akaniuliza mimi nimechonga mawe miaka mingapi.

Kila nikimwona anaelekea machimboni moyo ulikuwa unaruka. Mashimo ya huko hayana ua. Nilijua mwaka hautaisha kabla hajatumbukia.

Basi watu wa klabu ya kujitolea wakatangaza kanisani. Ni watu wa kazi zao tu, walimu, makarani, wenye maduka, lakini mara moja kwa mwaka wanaleta daktari wa macho. Ukipatikana na mtoto wa jicho, gari lao linakupeleka Kajiado unafanyiwa operesheni bure. Gari lingeondoka saa nane. Ukiliacha, ungoje mwaka mwingine.

Ndambuki alikubali kwenda haraka sana. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Kwenye foleni akaanza, "Tangulia, mama. Tangulia, mzee." Watu wakampita tangu asubuhi. Mimi nikashukuru Mungu, nikasema leo amejaliwa upole.

Kumbe! Karatasi ya kupima ilikuwa na alama moja tu ya miguu mitatu kama herufi E, imerudiwa-rudiwa ikigeuzwa huku na huku. Unasema kwa sauti miguu inaangalia wapi. Zamu yake ilipofika alifululiza bila kupumua: "Juu, kulia, kulia, chini, kushoto, juu!"

Mpimaji alikuwa Wilkister, mama wa klabu anayefanya kazi ya ofisi Nairobi na kupanga nyumba karibu na sisi. Akaandika macho mazuri.

Nikaangalia goti la bwana yangu. Kidole kilikuwa kinagonga-gonga, vile anahesabu mapigo ya nyundo akichonga. Alikuwa amekariri karatasi yote kutoka kwa midomo ya watu! Na saa saba ilikuwa imeshapita.

"Dada Wilkister, geuza hiyo karatasi kichwa chini."

"Lakini amepita, mama."

"Geuza tu, kwa jina la Yesu."

Akageuza. Ndambuki akaziba jicho kwa heshima zote: "Juu, kulia, kulia, chini..."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaketi chini. "Mzee, tuition ya mtihani huu ulifanyia wapi?" kijana mmoja akauliza.

Wilkister peke yake hakucheka. "Mzee, unaogopa nini?"

"Msimamizi akisikia nitafutwa."

"Na akisikia umeanguka shimoni?"

Ndambuki akanyoosha mkono apelekwe garini, lakini si kwangu. Mimi alikuwa bado amenikasirikia.

Alirudi kutoka Kajiado jicho moja limeshafanyiwa operesheni na kufunguliwa bandeji. Nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha kichwa, kile cha Jumapili. Unafikiri aliniangalia? Aliangalia ukuta.

"Nani alijenga hii kitu?"

"Ni wewe."

"Umepinda! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kwa nguvu."

Daktari alimkataza kuinua kitu kizito mwezi mzima. Mwezi mzima alikaa kwenye kigoda mbele ya huo ukuta akiuteta jiwe kwa jiwe, mimi nikipika. Mwezi ulipoisha akaubomoa aujenge upya, nikapikia mvuani wiki mbili. Mungu anisamehe niliyoyasema moyoni.

Jicho la pili lilitengenezwa mwaka uliofuata, na machimboni bado anaenda. Siku hizi klabu ikija, Wilkister anampa kazi ya kuketisha watu mbali na karatasi. Anawazungukia kama askari:

"Wewe mzee, mbona unamsikiliza mwenzako hivyo? Watu wajanja kama nyinyi mnasumbua sana wanawake wenu!"

Anasema hivyo nikiwa nimesimama hapo hapo.