Mama Kola Ataka Apimwe Yeye Kwanza

"Wiki iliyopita mlisema binti yangu ni mzito wa kichwa. Leo mnasema akili ziko za aina nyingi. Kesho mtasema nini, wifi?"

Mama Kola hainui uso. Mguu uko kwenye pedali, kitambaa cheupe kinapita chini ya sindano. Mke wa kaka yake, mshauri wa wanafunzi, amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea na mkoba wa vipimo.

Wanamgombania binti wa Mama Kola, mwenye miaka tisa. Alipata alama za chini katika mtihani wa akili, na shule inataka kumhamishia darasa la wanaojifunza polepole. Wifi ameomba apimwe upya, kwa njia nyingine. Mama Kola ananusa mtego: watampima mpaka wapate jibu wanalolitaka.

Ameshona sare za shule miaka kumi na minne. Kila shati huanza na kola, ndipo wateja wakampa jina. Ukimkatiza katikati, kazi imeharibika. Juzi mteja alimsalimia tu, naye Mama Kola akajikuta amebandika mkono wa kulia kushoto.

Wifi anaeleza kwamba akili si ndoo moja ya kupimwa kwa kijiti. Kuna kupanga, kuna kutuliza mawazo, kuna kuona vitu vyote kwa pamoja, na kuna kufuata kimoja baada ya kingine. Mtihani ule, anadai, ulipima zaidi kuona kwa pamoja.

"Hata muuza dawa bandia ana maneno matamu," anajibu Mama Kola. "Nipime mimi kwanza."

Wifi anamwaga vipande vya picha juu ya meza ya kukatia, aviunganishe. Mama Kola anavigeuza, anavisogeza, anavigeuza tena. Wapi. Kisha anatajiwa maneno tisa, na anayarudisha yote kwa mpangilio huku akikata uzi.

Mkasi unatulia mkononi.

"Na mimi waliniita mzito," anasema. "Nikaamini, nikaacha shule."

Bado hamwamini wifi. Anataka binti abaki darasani mwake, na majibu ayasikie yeye mama kabla ya mwalimu mkuu. Wifi anakubali, upesi mno kwa maoni ya Mama Kola.

Shati liko nusu, halina mikono. Mama Kola anaondoa mguu kwenye pedali, anamwita binti kutoka chumba cha ndani.

"Kaa hapa. Utaulizwa, utajibu. Mimi sitoki."

Anavuta kigoda, anakaa katikati yao.

"Haya, wifi. Anza."