Sikujua na Pipa la Mabibo

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na leo naisema mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo, tena kila mmoja anaongeza chumvi yake. Mimi ndiye yule mwalimu wa kilimo wa Lisekese ambaye ng'ombe wake alianguka kwenye foleni ya korosho.

Ng'ombe mwenyewe, wa maziwa, tulimwita Sikujua. Ilikuwa miaka ile soko la korosho lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wanaingia na malori mpaka vijijini na kila mtu kajiona mfanyabiashara. Sikujua alizaa mara moja, ndama dume, tukafurahi, kisha akakaa. Miezi ikapita hapati joto la kutaka dume, maziwa yakapungua mpaka kikombe, na mke wangu, Mama Agnesi, akawa anamtazama kama mgeni aliyepitisha siku zake.

Tukamwita bibi mifugo, binti mdogo tu wa kutoka Newala. Akampapasa mbavu moja moja (mimi nikitazama pembeni) akasema, "Mwalimu, huyu hana tatizo la kizazi. Ana njaa. Mwili ukikosa chakula, unaanza kwa kufunga mlango wa mimba."

"Nimpe nini?"

"Pumba na mashudu kila siku, majani mabichi hata kama ni ya kuyafuata bondeni, jiwe la chumvi alambe, na maji usimpimie. Atapata joto mwenyewe."

Ushauri mzuri, ila pumba zamani zililetwa ofisi ya ushirika, na sasa ofisi ina kufuli na pumba ni za kugombea mashineni alfajiri, nami ni mtu wa kupenda usingizi. Nikaona mabibo, yale matunda ya korosho, yanaoza bure chini ya mikorosho yetu na ng'ombe anayapenda, basi nikaokota, nikajaza pipa, nikalifunika gunia.

"Baba Agnesi," mke wangu akauliza, "hayo yatakaa siku ngapi?"

Nikamjibu kwamba chakula cha mifugo huhifadhiwa, na kwamba somo hilo nalifundisha darasa la sita. (Nalifundisha kweli, ila la majani.)

Siku ya nne, siku ya gulio, nikamwekea Sikujua ndoo mbili. Baada ya muda akaanza kulia, akahangaika, akataka kuupanda ua wa zizi. Mimi nikalikumbuka daftari langu: kulia, kuhangaika, kupanda. Joto hilo. Dume lilikuwa ng'ambo ya gulio, na joto la ng'ombe halikai hata siku nzima, nikafunga kamba tukaondoka, yeye akipepesuka nami nikidhani ni haraka ya bibi harusi.

Ningepita kimya yangekwisha. Lakini nilipofika kwenye mzani wa korosho, watu wamepanga foleni, wengine wazazi wa wanafunzi wangu, nikasimama kuwaeleza jinsi ng'ombe wangu alivyopata joto. "Siri ni lishe, ndugu zangu," nikasema, na nilikuwa bado kwenye neno lishe Sikujua alipoyaegemea magunia, magunia yakaporomoka, korosho zikamwagika, naye akakunja miguu akalala juu yake, ulimi nje.

Bibi mifugo alikuwa hapo hapo gulioni. Akainama, akamnusa mdomo.

"Shikamoo, mwalimu. Amekula nini?"

"Marahaba. Mabibo."

"Ya lini?"

"Siku ya nne hii, pipani."

"Huyu hana joto," akasema. "Amelewa."

Foleni nzima ikacheka, na mama mmoja wa kanisani kwetu akauliza taratibu kama msoma masomo wetu, yaani mimi, anapika uraka, ile pombe ya mabibo, nyumbani, na mjumbe wa nyumba kumi akasema basi itabidi akalione hilo pipa. Bibi mifugo peke yake hakucheka. "Mkalisheni kifua chini, asilale ubavu. Tumbo likijaa hewa tunampoteza."

Hapo aibu ikanitoka, ikaingia hofu. Wale wale waliokuwa wananicheka wakashika, huyu pembe, huyu mgongo, tukamnywesha maji ya magadi kwa chupa. Mama Agnesi alifika mbio, hakunisemesha, akakaa juu ya korosho za watu akakipakata kichwa cha ng'ombe. Jua lilikuwa limeshaelekea kushuka Sikujua aliposimama, na mimi nikabaki kuokota korosho moja moja mpaka ya mwisho.

Pipa nililimwaga mbele ya mjumbe. Tangu kesho yake nikaamka alfajiri kwenda mashineni, mke wangu akanitafutia mashudu ya karanga, majani tukayafuata bondeni kwa zamu. Baada ya wiki kadhaa manyoya yakaanza kung'aa. Asubuhi moja Mama Agnesi akaniita zizini, akanionyesha ute mwangavu unaovutika kama wa yai. "Hili ndilo joto, mwalimu," akasema, akashika kamba yeye, mimi nikafuata nyuma, na gulio lote nililipita nimefunga mdomo.

Alizaa ndama jike, na maziwa tukawauzia mpaka walionicheka. Nami niliapa, na sijavunja: ng'ombe akinitatiza, kwanza namuuliza mke wangu, kisha bibi mifugo, na wakishindwa wote wawili, ndipo nafungua daftari.